Vitabu vya haiku kwa mtoto wa miaka 9 (na kwangu mimi): nianzie wapi?

KalamuButu
Wakuu, heshima kwenu.

Binti yangu ana miaka 9. Majuzi alirudi na kazi ya shule: tunga haiku, lile shairi fupi la Kijapani: mishororo mitatu, mizani tano, saba, tano. Alikaa mezani akihesabu kwa vidole, na baada ya nusu saa akaniletea hii:

Vitabu vyangu
ni vizuri kabisa
ninavipenda

Hesabu imetimia, hata mimi nilihakiki. Nikampongeza kama mzazi yeyote. Ila usiku nikabaki najiuliza, hivi hili kweli ni shairi? Nikaagiza kitabu cha haiku za watoto (jina nalihifadhi) nikidhani kitatutoa gizani. Wapi! Ndani ni yaleyale: mbwa ni rafiki, jua linang'aa, nakupenda mama. Kila moja ina mizani 17, na hakuna hata moja iliyomfanya mtoto anyanyue kichwa. Alikisoma mara moja, siku hizi anakitumia kuzuia mlango usijifunge.

Naomba mnielekeze vitabu vya maana kwa mtoto, na kimoja cha mtu mzima asiyejua kitu, yaani mimi. Cha Kiingereza si shida, nitamsomea na kumfasiria.

NgojaNisome
Nimewahi kiti cha mbele. Waje wajuzi.

MzeeWaMizani
Mleta uzi, binti yako hana kosa. Kosa ni la aliyemwambia kwamba haiku ni hesabu.

Nianze na hiyo hesabu yenyewe, maana sisi tunaotumia Kiswahili tuna bahati ambayo hatuitumii. Mjapani anapotunga haiku hahesabu silabi kwa namna ya Mwingereza. Anahesabu kipimo kiitwacho "on", na mtu aliyezoea mizani za mashairi yetu anakielewa papo hapo. Chukua neno "taa": kwetu ni mizani mbili, ta-a. Kwao vilevile, irabu ikirefuka inahesabiwa tena, kwa hiyo Tōkyō ni nne: to-o-kyo-o. Ile m ya "mtu" kwetu ni mizani inayojitegemea. Wao wana n ya mwisho wa neno, nayo inajitegemea: Nihon ni tatu, ni-ho-n. Na maneno yao ni marefu kama yetu. Ndiyo maana 17 za Kijapani ukizileta kwenye Kiswahili zinatoshana karibu sawasawa, ilhali kwa Kiingereza 17 ni chumba kikubwa mno. Mfasiri anaona nafasi imebaki, anaanza kujaza vivumishi. Wafasiri wengi wa Kiingereza walishaachana na hesabu hiyo, hushuka hadi silabi 12 hivi.

Sasa kinachokosekana kwa binti. Haiku ina mkato. Wajapani wana vineno vyake, "ya", "kana", "keri", vinaitwa kireji, na kazi yake ni kulisimamisha shairi ghafla, au kuliacha linaning'inia mwishoni. Mara nyingi unapata vitu viwili vimewekwa bega kwa bega bila maelezo, na msomaji ndiye anayeviunganisha. Shairi la binti ni sentensi moja iliyokatwa kwa mkasi mara mbili. Halina mkato wa ndani, na hakuna kitu alichokiona kwa macho.

Kwa hiyo kigezo cha kitabu ni hicho. Kifungue popote, soma shairi moja, kisha jiulize: nimeona kitu, au nimeambiwa maoni?

Tonetone
Mzee shikamoo. Umenifungua macho kwenye hiyo ya mizani, sikuwahi kuiwaza.

MzeeWaMizani
Marahaba mwanangu.

Tonetone
Kwa mtoto wa miaka 9 mimi ningeanza na Issa, basi. Kobayashi Issa, 1763 hadi 1828. Alitunga haiku karibu 20,000, na nyingi zinahusu viumbe ambavyo watu wazima huvipiga kwa kandambili: nzi, viroboto, konokono, vyura. Alifiwa na mama akiwa mdogo sana, mama wa kambo akamtesa, na nadhani ndiyo maana alikuwa upande wa wanyonge maisha yake yote. Kuna moja aliitunga akitazama vyura wakipigana, anamshangilia yule aliyekonda. Kijapani ni hivi:

yasegaeru
makeru na Issa
kore ni ari

Kitabu kinaitwa "Cool Melons – Turn to Frogs!", cha Matthew Gollub, michoro ya Kazuko Stone, kilitoka 1998. Kinasimulia maisha yake kwa lugha nyepesi, na haiku zimepangwa humo kwenye simulizi, za Kijapani zikiwa zimeandikwa kwa mkono pembeni mwa ukurasa. Jina la kitabu limetoka kwenye haiku yake moja: kuna matikiti yamelowekwa majini yapoe, naye anayanong'oneza, mtu akija geukeni vyura. Mtoto wa kaka yangu alicheka hadi akakohoa. Baada ya hapo kila tunda jikoni likawa linapewa amri.

KalamuButu
Hilo la matikiti limeninunua. Naliandika.

MstariWaMwisho
Tusaidiane hapo kwenye chura aliyekonda, tumpe mleta uzi ya kumsomea binti leoleo. Mimi nimepata hii:

Usikubali,
chura kimbaombao!
Issa yu nawe.

Tano, saba, tano, sikulazimisha. "Kimbaombao" peke yake ina mizani tano, na inachekesha mdomoni kama ilivyo "yasegaeru".

MzeeWaMizani
Umetisha. Nilitaka kukukosoa nikakosa pa kushika.

Mpita Njia
Samahani wakuu, mimi ni mgeni wa haya mambo. Mishororo mitatu, halafu kitabu kizima, na mtu anauza? Mimi naweza kutunga kumi kwa dakika.

MstariWaMwisho
Mpita Njia alisema: "naweza kutunga kumi kwa dakika"

Utatunga, ndiyo. Mtoto wa mleta uzi ametunga moja kwa nusu saa na bado tunaijadili. Nikupe kisa. Ile haiku maarufu kuliko zote, ya Bashō, mshairi wa Japani, ni ya 1686:

furuike ya
kawazu tobikomu
mizu no oto

Mwanafunzi wake Shikō amesimulia kwamba Bashō alipata kwanza mishororo miwili ya mwisho: chura anaruka, sauti ya maji. Akabaki bila wa kwanza. Mwanafunzi mwingine, Kikaku, akapendekeza ua la njano liitwalo yamabuki, na lilikuwa pendekezo la kisomi, maana kwenye ushairi wa zamani vyura na ua hilo walikwenda pamoja kama chanda na pete. Bashō akakataa, akaweka "bwawa la kale" basi. Na kuna jambo la pili: kabla yake chura kwenye mashairi alikuwa mwimbaji, anasifiwa kwa sauti yake. Huyu wa Bashō haimbi, anaruka tu, na kinachosikika ni maji. Kwa mizani 17 mtu kavunja desturi ya karne kadhaa bila kupaza sauti.

Mpita Njia
Sawa, nimekaa chini. Mnaifasirije hiyo?

MstariWaMwisho
Jaribio langu:

Dimbwi la kale –
chura anajitosa
majini, chubwi!

Tonetone
Mimi hapana kwenye "chubwi". Ni tamu, watoto wataipenda, lakini Bashō hakutoa mlio. Alisema "sauti ya maji" akamwachia msomaji asikie mwenyewe. Ukiandika chubwi umeshamsikilizia.

MstariWaMwisho
Tanakali za sauti ni utajiri wa lugha yetu, niziache kwa nini? Na Wajapani wanazo tele. Buson, mshairi mwingine wa Kijapani, ana bahari ya majira ya kuchipua inayojinyoosha mchana kutwa "notari notari". Hiyo ni tanakali.

Tonetone
Buson aliweka kwa sababu alitaka. Bashō hakuweka, na alikuwa anaweza. Mimi ningeishia:

Dimbwi la kale –
chura anajitosa
maji yalia

MzeeWaMizani
"Maji yalia" imeniletea msiba ambao haukuwepo. Maji ya Bashō hayalii, yanasikika tu. Kati ya mabaya mawili nachukua chubwi.

NgojaNisome
Hahaha uzi umekolea. Msomeeni mtoto zote mbili achague.

KalamuButu
Nimemsomea. Kachagua chubwi, kisha akauliza swali ambalo sina jibu: chura alikuwa mmoja au wengi?

MzeeWaMizani
Mwambie Kijapani hakisemi. Nomino zao hazina umoja na wingi kama zetu, "kawazu" inaweza kuwa chura mmoja au kundi. Wafasiri karibu wote wamechagua mmoja. Sisi hatuwezi kuponyoka, maana "chura" na "vyura" tunalazimika kuchagua kwenye ngeli, lakini mtoto anaweza kuchora bwawa bila kuonyesha chura hata mmoja, mawimbi ya duara tu. Huo mchoro ningeuona mzuri kuliko fasiri zote hapa.

Hodi_Hodi
Naongeza kwenye vitabu, maana naona tumezama bwawani.

"If Not for the Cat" cha Jack Prelutsky, michoro ya Ted Rand, 2004. Haiku 17, kila moja mnyama anajisema bila kutaja jina lake. Kwa hiyo ni vitendawili, unamwambia mtoto "kitendawili" anajibu "tega", kisha unafunika mchoro kwa mkono. Mwandishi anafuata 5-7-5 kwa Kiingereza na anatumia maneno mazito kidogo, ila kwa sababu ni fumbo mtoto anayavumilia.

"Hi, Koo!" cha Jon J Muth, 2014, kina panda mdogo anayezunguka mwaka mzima, haiku 26. Hiki hakifuati 5-7-5 kabisa. Binti atashika kiuno aseme hii si haiku, na hapo ndipo mazungumzo mazuri yanapoanza. Nunua vyote viwili uviweke kando kwa kando.

Na "Wabi Sabi" cha Mark Reibstein na mchoraji Ed Young, 2008. Paka wa Kyoto anatafuta maana ya jina lake. Kitabu chenyewe kinafunguliwa kwenda juu, si pembeni, na hadithi ni nathari inayochanganyika na haiku. Wajapani wanaita mchanganyiko huo haibun. Bashō mwenyewe aliandika hivyo safari yake ya kaskazini ya 1689, kama kilomita 2,400, sehemu kubwa kwa miguu.

Mpita Njia
Kilomita 2,400 kwa miguu kutafuta mishororo mitatu. Nafuta kauli yangu ya kumi kwa dakika.

KalamuButu
Asanteni sana. Na cha kwangu mimi?

Hodi_Hodi
"The Essential Haiku" cha Robert Hass, 1994. Washairi watatu tu, Bashō, Buson na Issa, pamoja na nathari zao kidogo. Mtu asiyejua kitu anatoka akijua tofauti ya sauti zao: Bashō msafiri, Buson mchoraji (alikuwa mchoraji kweli, ndiyo kazi iliyomlisha), Issa yule mnyonge wetu. Kuna na R. H. Blyth, majuzuu manne yaliyotoka 1949 hadi 1952, yamepangwa kwa majira. Usianze na hayo, utachoka. Yaweke kwa ajili ya uzeeni.

MzeeWaMizani
Mimi wa uzeeni nimekusikia.

Niongeze mmoja ambaye watu humsahau: Richard Wright, mwandishi Mwafrika wa Marekani, yule wa riwaya nzito. Alipokuwa mgonjwa Ufaransa, katika miezi kama 18 ya mwisho kabla ya kufariki 1960, alitunga haiku 4,000 hivi. Alichagua mwenyewe 817, na kitabu kikatoka 1998. Yeye alishika 5-7-5 ya Kiingereza bila kulegeza. Namtaja ili asitokee mtu akasema nimepiga vita hesabu. Hesabu haijaua haiku ya mtu yeyote. Kinachoua ni kuhesabu ukiwa huna ulichokiona.

Tonetone
Hapo nimekubali. Na Tomas Tranströmer wa Sweden, aliyepata Nobel 2011, alitunga haiku kuhusu gereza la vijana mwaka 1959, alikuwa mwanasaikolojia. Hizo si za mtoto wa miaka 9, ila mleta uzi zisome ukimaliza Hass.

Swali la pembeni: majira mnayafanyaje? Haiku ya jadi lazima iwe na kigo, neno la majira. Chura ni majira ya kuchipua, umande ni ya majani kupukutika, mbu ni kiangazi. Wana hadi kamusi za maneno hayo, saijiki. Mtoto ambaye mahali pake hakuna theluji atatunga nini?

MstariWaMwisho
Atatunga anachokiona. Asijitie theluji. Mimi nilimpa mwanangu daftari, tukaita saijiki yake, kila mwezi anaandika vitu vitano vilivyobadilika: mdudu gani katokea, mti gani umeangusha nini, kivuli kimefika wapi. Baada ya mwaka ana kamusi yake. Haiku zilitoka humo bila kulazimishwa. Nyingi mbovu, kama tatu nzuri sana.

Halafu kuna shindano la haiku za watoto wa dunia linaloandaliwa na JAL Foundation ya Japani, mtoto anatuma haiku na mchoro wake. Wanachapisha na vitabu vya zilizoshinda. Kumsomea mtoto haiku za watoto wenzake kuna nguvu kuliko kumsomea za mabingwa.

NgojaNisome
Mimi nimejaribu usiku wa leo, msinicheke:

Taa yazimwa –
mbu aanza wimbo
kwenye sikio

Hodi_Hodi
Mshororo wa pili una mizani sita, mkuu. Mbu, a, a, nza, wi, mbo.

MzeeWaMizani
Saba. "Mbu" ni mizani mbili, m-bu, kama m-bwa na n-chi. Ile ya "wimbo" haigawanyiki, ni wi-mbo. Kijana yuko sahihi, na amekata pazuri. Giza kwanza, kisha sauti.

NgojaNisome
Niliingia hapa kusoma tu jamani.

BibiWaVitabu
Nimefuatilia kimya, naomba niseme moja kabla hamjamaliza. Mleta uzi, kitabu cha Issa ukikisoma na binti utafika mahali pagumu. Watoto wake walikufa wakiwa wadogo. Sato, binti aliyempenda mno, alikufa kwa ndui mwaka 1819, na Issa akatunga:

tsuyu no yo wa
tsuyu no yo nagara
sari nagara

Maana yake kwa Kiswahili changu cha haraka:

Dunia hii
dunia ya umande –
na hata hivyo

Wazazi wengine huruka kurasa kama hizo. Mimi nilimsomea mjukuu wangu, alikuwa na miaka minane. Hakulia. Akauliza "na hata hivyo nini?" Nikamwambia hakumalizia. Akanyamaza, akasema labda alishindwa. Sijawahi kusikia mchambuzi akilieleza shairi hili vizuri zaidi ya hapo. Usiruke ukurasa.

Tonetone
Bibi, umetunyamazisha.

MstariWaMwisho
Na huyohuyo Issa ndiye aliyetunga hii, nimeifasiri juzi ili nilale vizuri:

Theluji kwisha –
kijiji kimejaa
watoto tupu

Theluji ikiyeyuka unategemea kijiji kijae maji au matope. Msomee mtoto mishororo miwili ya kwanza, mwambie akisie wa tatu, ndipo umsomee.

Mpita Njia
Nina swali la kijinga. Bashō 1686, Issa 1800 na kitu, na jina "haiku" ni la lini?

MzeeWaMizani
Si la kijinga hata kidogo. Bashō angeita hokku, ubeti wa kufungulia mashairi marefu ambayo watu waliyatunga kwa kupokezana. Aliyelikata likasimama peke yake na kulipa jina la haiku ni Masaoka Shiki, mwishoni mwa karne ya 19. Alikufa kwa kifua kikuu 1902, miaka 34 tu. Na alikuwa shabiki wa besiboli wa kupindukia, hadi Japani wamemwingiza kwenye ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo, 2002. Mwambie binti, watoto wanapenda mshairi anayecheza mpira.

KalamuButu
Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu baadaye. Issa na Prelutsky vimefika. Cha Issa tunasoma haiku mbili kila usiku, si zaidi, alivyotaka yeye. Bibi, ukurasa ule hatukuruka. Alifunga kitabu mwenyewe, kesho yake akakifungua tena palepale.

Daftari la majira lina kurasa nne. Na jana aliniletea hii, bila kazi ya shule:

Kivuli changu
kimenitangulia
hadi nyumbani

Sikuhesabu hadi baadaye.

BibiWaVitabu
Jua lilikuwa mgongoni. Jioni. Hakusema, na nimeliona.

MzeeWaMizani
Nzuri kweli. Ila mwambie mzee mmoja anauliza: akitoa "changu" ikabaki "kivuli" tu, msomaji hatakisia ni cha nani? Mizani mbili zitabaki za kuweka kitu kingine, mfano wakati au sauti.

KalamuButu
Nimemfikishia. Amekataa. Anasema kivuli ni chake.